Mpaka Mwenye Shamba Aingie: Mafunzo Niliyopata Katika Kazi ya Kutegua Mabomu ya Ardhini

Nilizaliwa Mutuini, upande wa Dagoretti, enzi ambapo ukishuka bondeni ungekuta migomba, viazi na nyasi za ng'ombe, kabla ya nyumba za kupangisha kubanana hadi mlangoni mwa jirani. Nyanya yangu alikuwa na kishamba kisichofika ekari moja. Mpaka wake haukuwa na seng'enge. Ulikuwa mstari wa itoka, lile ua ambalo Wakikuyu hupanda penye mipaka. Mtoto angevunja chungu akasamehewa, lakini kung'oa itoka lilikuwa kosa la kuitiwa wazee.

Miaka mingi baadaye nilisimama mbele ya mstari mwingine, Sudan Kusini, wa vijiti vilivyopakwa rangi mbili. Upande mwekundu ulikuwa wa hatari, upande mweupe ulikuwa umesafishwa. Nilimkumbuka nyanya. Nilijua mstari ni nini kwa mtu ambaye hana kitu kingine ila udongo wake.

Nililetwa kwenye kazi hii na mkutano. Kuanzia tarehe 29 Novemba hadi 3 Desemba 2004, nchi wanachama wa Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini zilikutana Gigiri, Nairobi, kupima zilipofika. Mkataba huo ulitiwa saini Desemba 1997 ukaanza kutumika tarehe 1 Machi 1999. Mimi nilikuwa karani wa ghala niliyeazimwa kwa wiki hiyo kubeba masanduku na viti. Niliwaona walionusurika, wametoka mabara yote, wakipanda ngazi kwa miguu ya bandia, na nikaona aibu kwamba sikuwahi kujiuliza jambo hilo linahusu nini. Mwaka uliofuata, chuo cha mafunzo ya kazi hii kilifunguliwa Embakasi kwa ushirikiano wa Kenya na Uingereza. Nikafuata mkondo huo: kwanza mizigo pale uwanja wa ndege wa Wilson, kisha ghala la Juba, kisha uendeshaji wa timu, na mwishowe usimamizi wa programu nzima. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa gharama ya watu wengine.

1. Muulize anayekata kuni

Ramani za mabomu nilizowahi kupewa na jeshi lolote nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vita vya Sudan vilivyoanza 1983, vikamalizwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, vilipiganwa na watu waliotega usiku na kuhama alfajiri. Wengi wao wamekufa. Kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hazikai kwa chifu peke yake.

Mwanzoni nilikuwa nafika kijijini, napewa kiti chini ya mwembe, nazungumza na wazee wa kiume, nachora mchoro wangu na kuondoka. Mahali pamoja wazee walinionyesha kilima kizima wakasema hakiendeki. Nilikiingiza chote kwenye hesabu: timu mbili, misimu miwili. Kisha mwenzangu mmoja, dada aliyekulia Torit, akaenda kuketi na akina mama kisimani, bila sisi. Wakamwambia kwamba upande wa mashariki wanakata kuni kila wiki na wamevuna simsim huko mara mbili. Walichokiogopa ni ukanda mwembamba kando ya handaki la zamani la askari, ambako mbuzi wawili walilipuliwa. Kilima kizima kikawa ukanda wa kazi ya wiki chache.

Kanuni za kimataifa za kazi hii zinautambua utaratibu huo. Ardhi huachiliwa kwanza kwa maswali na ushahidi, pili kwa uchunguzi wa kiufundi kwenye sehemu zenye shaka, na tatu, pale tu inapothibitika kuna hatari, kwa kusafisha mita kwa mita. Hatua ya tatu ndiyo inayokula fedha na miaka. Mashirika mengi huirukia kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Lakini ushahidi wa miguu nao hudanganya, na hapa nataka msomaji atulie nami. Bomu la kutegea magari kwa kawaida huhitaji uzito unaozidi kilo 100. Watu watapita juu yake na baiskeli zao miaka kumi, watoto watakimbia juu yake wakienda shule, na kijiji kitaapa kwamba njia ni salama. Lori la kwanza lililojaa mahindi ndilo litakalolipuka. Kwa hiyo ukiambiwa "tunapita hapa kila siku", uliza tena: kuna gari lililopita? Lilikuwa na mzigo? Lilikanyaga katikati au lilifuata magurudumu ya lililotangulia?

2. Acha kuuliza ni mabomu mangapi

Kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege aliniuliza swali hilo, na mfadhili aliweka safu yake kwenye fomu. Kwa mwenye shamba idadi haina maana. Shamba lenye bomu moja limefungwa sawasawa na lenye mia, maana hajui lile moja liko wapi. Tuliwahi kusafisha mahali kwa wiki tisa tukapata mabomu matatu na madebe kadhaa ya misumari, maganda ya risasi na mikebe ya samaki. Ofisi kuu ilisema ni kazi hafifu. Pale palikuwa na kisima pekee cha kijiji.

Msumbiji ilipotangazwa huru na mabomu haya tarehe 17 Septemba 2015, miaka 23 baada ya mkataba wake wa amani, waliotangaza hawakujivunia rundo la vyuma. Walisema hakuna tena eneo linalojulikana ambalo mtu anakatazwa kuingia. Hicho ndicho kipimo.

3. Kioo kilichokwaruzwa

Jambo hili sijaliandika popote kabla ya leo.

Mtegua mabomu hufanya kazi kwenye njia ya upana wa mita moja hivi, amepiga magoti, amevaa fulana nzito ya kujikinga na kioo kinachofunika uso wote. Mashine ya kutambua chuma ikilia, anafukua polepole kutoka ubavuni, kidogo kidogo, mpaka akione kilichoifanya ilie. Kule kwenye udongo mwekundu wenye chuma mashine hulia hata pasipo na kitu, na kila mlio unastahili heshima ileile. Ifikapo saa tano asubuhi jasho linamwingia machoni.

Kijana wetu mmoja wa miaka 24 aliinua kioo chake kiasi cha shibiri. Kilicholipuka kilikuwa kidogo, kipande cha fyuzi kilichokatika kwenye bomu lililooza. Kama lingekuwa bomu kamili la aina ya PMN, lenye gramu 240 za baruti ya TNT, habari ingekuwa nyingine. Alipoteza jicho la kulia.

Uchunguzi ukafanyika. Ripoti ikasema alikiuka kanuni ya vifaa vya kujikinga, na ilikuwa kweli. Nikatia saini. Usiku huo sikupata usingizi, na asubuhi nikachukua kioo chake stoo, nikakivaa, nikapiga magoti kwenye uwanja wa mazoezi. Sikuona chini. Vumbi la misimu mitatu na kufutwafutwa kwa mikono ya shati vilikuwa vimekikwaruza kiasi kwamba jua likikipiga kilikuwa kama ukungu. Nikavaa cha mwenzake, hali ni ileile. Kila mtu kwenye timu ile alikuwa na kawaida ya kukiinua kidogo ili aone, na viongozi wao walijua.

Ombi la kununua vioo vipya lilikuwa mezani kwangu kwa wiki saba. Nililiahirisha kwa sababu matengenezo ya magari yalikuwa yamevuka bajeti na vioo "bado vilikuwa vinatumika". Niliandika nyongeza kwenye ripoti nikayasema hayo kwa jina langu na cheo changu. Wapo walionishauri nisifanye hivyo. Lakini ripoti inayoishia kwa "alikiuka kanuni" humwacha anayefuata apofuke kwa njia ileile. Tangu siku hiyo, kila palipokuwa na kosa niliuliza kwanza ni nini kilichofanya kosa liwe rahisi kuliko kufuata kanuni. Mara nyingi jibu lilikuwa ofisini.

Kijana yule ni fundi wa redio sasa. Tunazungumza kila Krismasi. Hajawahi kunilaumu, na hilo halinipunguzii.

4. Ambulensi isipowaka, hakuna kazi

Kwetu Mutuini mtu akiumia huwekwa kwenye pikipiki, na Hospitali ya Mutuini iko hapo hapo. Kule tulikofanya kazi, meza ya upasuaji ilikuwa mwendo wa saa tano kwa barabara kavu. Kwa barabara ya mvua haikuwepo.

Kanuni ilisema gari la wagonjwa, mhudumu wa afya, machela na mawasiliano viwe tayari kabla ya mtu wa kwanza kupiga magoti. Asubuhi moja betri ya ambulensi ilikufa, na watu 40 wakakaa kivulini hadi saa nane mchana. Nilipigiwa simu kutoka mbali nikaulizwa kama hatungeweza kuanza "kwa uangalifu" huku fundi akishughulika. Nilikataa. Ningekataa tena leo.

Jambo jingine: fanya mazoezi ya kumbeba majeruhi kila wiki, na usiwaambie watu saa ngapi. Zoezi letu la kwanza la kushtukiza lilichukua dakika 31 kumtoa mtu kutoka ndani ya uwanja hadi ndani ya gari. Machela ilikuwa imefunikwa na magunia ya mkaa wa dereva.

5. Mvua haisubiri bajeti

Sudan Kusini ina miezi michache ya kiangazi. Mvua ikianza kukolea mwezi wa tano, udongo mweusi hugeuka gundi, barabara hukatika, na timu nyingi husimama hadi mwezi wa kumi au zaidi. Mikataba ya wafadhili hufuata kalenda nyingine. Mara mbili nilipokea fedha mwezi wa nne na kutakiwa nionyeshe matokeo ya robo mwaka mwezi wa saba. Mwaka wa kwanza nilikubali, nikazisukuma timu. Mkaguzi wetu wa ubora alipopitia tena sampuli ya eneo tulilokuwa tumelimaliza, akapata bomu. Hakuna aliyeumia. Tulirudia eneo lote, na ile haraka ikatugharimu muda mara mbili.

Meneja lazima aseme "haiwezekani" kabla ya kutia saini, si baada ya kutia. Baada ya saini huwa kisingizio.

Na kwa kuwa muda ni mfupi hivyo, nimeulizwa mara nyingi kuhusu panya wa Morogoro, wale panya buku wanaofunzwa na APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Nawaheshimu sana. Wananusa baruti yenyewe, kwa hiyo misumari na vizibo haviwasumbui, na ni wepesi kiasi cha kutoyalipua mabomu. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100 nchini Kambodia na akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Lakini hata panya anahitaji njia zilizofyekwa, mtu wa kufukua alichokinusa, na ambulensi inayowaka. Hakuna kifaa kinachofuta kazi nyingine zote.

Na kuhusu fedha: Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje, na timu katika nchi nyingi zikaambiwa ziweke vifaa chini. Na si fedha tu: mwaka huohuo Finland, Poland na nchi za Baltiki zilitangaza kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa, zikitaja tishio la Urusi. Naelewa hofu ya nchi ndogo iliyo jirani na jeshi kubwa. Ila nimeona mahali ambapo hofu ya 1990 inakata miguu ya watoto waliozaliwa 2010, na naamini uamuzi huo ni kosa.

6. Ndege ina viti vichache

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba. Timu zetu zilikuwa na Wadinka, Wanuer, Wabari, Waacholi, watu waliolala kwenye mahema mamoja na kushikiana maisha uwanjani. Siku chache baadaye, sisi wenye pasipoti za kigeni tulipandishwa ndege. Jioni hiyo nilikuwa Mutuini kwa mama yangu, nimeshika kikombe cha chai, huku kiongozi wa timu yangu, Mnuer, akinipigia simu kutoka kambi ya Umoja wa Mataifa ya Tongping alikokimbilia na watoto. Betri yake ilikuwa inakwisha. Aliniuliza kama mshahara wa Desemba utaingia.

Mpango wetu wa dharura ulikuwa na kurasa nyingi. Niliusoma upya usiku ule nikaona kwamba karibu zote zilituhusu sisi wageni, tuliokuwa wachache kuliko vidole vya mikono miwili. Kwa wafanyakazi wa nchi, zaidi ya mia, kulikuwa na aya moja iliyowashauri wabaki nyumbani. Nyumbani ndiko walikokuwa wanafuatwa kwa sababu ya kabila lao.

Mpango tulioandika baadaye ulianza na wao: mishahara ya miezi mitatu ya mbele hatari ikikaribia, orodha ya jamaa walio nje ya mji, ruhusa ya kutumia magari ya shirika kuhamisha familia, na barua ya utambulisho isiyotaja kabila wala kijiji. Mapigano yaliporudi Juba Julai 2016, mpango huo ulitumika. Nakuomba wewe unayesimamia watu mahali kama hapo uufungue wako leo, uone unaanza na nani.

7. Shamba halijarudi

Tulikabidhi eneo moja upande wa Magwi kwa sherehe. Cheti kilisainiwa, chifu akahutubia, vijana wetu wakatembea bega kwa bega kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama ilivyo desturi, ili watu waone. Niliripoti ardhi imerudishwa. Nilipopita tena miezi mitatu baadaye, nyasi zilinifika kifuani. Hakuna aliyelima.

Nilielekezwa kwa mama mmoja mzee, mwenye sehemu kubwa ya shamba lile. Alikuwa ameishi kambini Kakuma miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Mama, shida ni nini? Tulisafisha."

"Mlisafisha, mwanangu. Nimeona karatasi."

"Basi?"

"Nyinyi mlipita na viatu vizito. Mimi jembe langu linaingia chini kuliko mguu wako. Hicho chuma chenu kinaona mpaka wapi?"

Nilianza kumweleza kina ambacho tunasafisha, nikasita. Katika mazungumzo yetu yote ya mwanzo na kijiji kile hatukuwahi kuuliza mtu analima kwa kifaa gani, kwa kina gani, wala kama anachimba mashimo ya mihogo au nguzo za nyumba. Kina tulichosafisha kilitosha kwa jembe lake. Yeye hakuwa na sababu ya kujua hilo, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuwa mkaidi. Mume wake alikuwa amefia kwenye shamba lile.

Asubuhi iliyofuata tulirudi na majembe sita kutoka sokoni. Watu sita wa timu iliyosafisha eneo lile, wasiovaa fulana wala vioo, walilima mistari miwili kutoka njiani hadi kwenye mti wa katikati, huku yeye amesimama pembeni akitazama kina cha kila pigo. Mara mbili alimsimamisha mmoja na kumwambia aingize jembe zaidi. Ilipofika saa nne alivua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akachukua jembe la yule aliyechoka.

Tangu hapo, katika programu niliyosimamia, eneo halikuhesabiwa kuwa limerudi kwa sababu ya cheti. Tulirejea baada ya msimu mmoja, tukaangalia nani analima, nani hajaingia, na kwa nini. Ofisi iliona ni gharama ya ziada. Ilikuwa siku mbili za gari moja.

8. Na huku nyumbani

Watu wa mtaani kwetu huniambia mambo hayo ni ya Sudan na Somalia. Ni kweli Kenya haina viwanja vya mabomu ya ardhini kama vyao, na akiba ya jeshi letu iliharibiwa mwaka 2003, kama mkataba unavyotaka. Lakini mabaki ya vita na ya mazoezi tunayo. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5, nje ya mahakama, kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliodai kuumizwa, au kufiwa na jamaa, kwa mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi Dol Dol na Archer's Post. Wengi wa walioumia walikuwa wachungaji, na wengi walikuwa watoto.

Chuma hutembea. Kinaokotwa na mchungaji, kinauzwa kwa kilo, kinapanda lori, kinafika kwa muuza vyuma chakavu wa Dagoretti au Gikomba akiwa na nyundo mkononi. Ninachowaomba wanaonunua na kuuza vyuma, na walimu, na kila mzazi anayesoma haya, ni kidogo. Ukikuta kitu chenye umbo la risasi kubwa, chenye mapezi ya mkia, chenye kofia ya shaba au umbo usilolielewa, usikigonge, usikipime, usikihamishe hata kama kina kutu ya miaka hamsini. Waondoe watu, weka alama inayoonekana kwa mbali, kisha piga 999 au 112.